Vyungu Vitano vya Mama Moshi

Wengi wenu mwanijua kwa mpira na si kwa maua, na yamkini mtacheka mkiona jina langu chini ya habari ya vyungu vya nyumbani. Hata mimi ningalicheka kabla ya likizo ndefu iliyopita. Lakini katika likizo hiyo nilifunzwa jambo ambalo sikulishika darasani katika somo la Biolojia, na karo yake ilikuwa ua la mtu mwingine.

Kwetu ni Nyakabanda, katika wilaya ya Nyarugenge, mahali ambapo nyumba za Kigali zimepanda mteremko zikibanana, hata dirisha la huyu latazama ukuta wa yule. Nyamirambo ni jirani yetu, kwa hiyo Kiswahili twakisikia tangu utoto, dukani na uwanjani, miaka mingi kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Nyumba ya pili kutoka kwetu akaa mama mmoja mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, aliyeolewa huku zamani. Sisi watoto twamwita Mama Moshi. Bustani hana, kwani uwanja wake watosha kamba ya nguo tu. Bustani yake yote imo ndani ya nyumba, katika vyungu vitano.

Mwezi wa Julai alipata habari kwamba dada yake ni mgonjwa, akafunga safari. Aliniita, nikamwamkia, akanipa ufunguo. "Mwanangu," akasema, "wewe huna kazi likizo hii. Nitunzie maua yangu hata nirudi. Usiyahangaikie sana." Neno hilo la mwisho liliingia sikio moja likatokea la pili.

Yafaa niwaeleze vyungu vyenyewe. Viwili vilikuwa masale, mmea wa majani marefu mapana ambao Wachaga huupanda mipakani mwa mashamba yao. Mama Moshi alikuwa amekwisha kutueleza desturi yao, kwamba mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale, na aliyepelekewa hana budi kusamehe. Wataalamu wauita Dracaena fragrans, nao watu wa Ulaya huuweka sebuleni bila kujua kwamba wameweka msamaha kando ya kochi. Chungu cha tatu kilikuwa sanseveria, ule wenye majani magumu yaliyosimama wima kama mapanga, yenye ukingo wa manjano. Asili yake ni Afrika Magharibi mpaka Kongo. Cha nne kilikuwa na majani membamba kama nyasi, yenye mstari mweupe katikati, na watoto wake huning'inia hewani mwishoni mwa vikonyo. Ukimkata mtoto mmoja ukampanda, waanza chungu kingine bila senti moja.

Cha tano kilikuwa kidogo kuliko vyote: ua la Usambara. Majani yake ni ya mviringo, yana manyoya laini kama sikio la panya, na maua yake ni ya rangi ya urujuani. Mmea huu wamea porini katika Tanzania na Kenya tu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja mtawala, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona katika nchi ya Usambara akaupeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia. Leo umo madirishani dunia nzima, lakini kwao hasa ni kwenye miamba yenye kuvu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mama Moshi alilishika kopo lake kwa mikono miwili, akasema, "Hili ni la binti yangu." Nami nikadhani binti huyo yuko mahali fulani anasoma.

Basi nikaanza kazi kwa bidii ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Nanyi mwajua Julai na Agosti kwetu ni kiangazi, vumbi latanda mpaka juu ya meza. Nikawaza: ikiwa mimi naona kiu, je, ua? Maji ya bomba yalikuwa yakija kwa zamu, hivyo nilishuka bondeni na dumu la lita 20, nikalipandisha kwa jasho jingi, na kila asubuhi na jioni nikamwagilia vyungu vyote vitano. Tena niliona aibu maji yakichuruzika juu ya meza ya watu, nikalitia kopo la ua la Usambara ndani ya bakuli lenye kina kirefu. Meza ikawa kavu. Lakini matundu ya kopo yakawa yamo majini usiku na mchana, na mbu wakapata nyumba ya bure.

Baada ya wiki tatu majani ya ua lile yakalegea. Nikasema, lina kiu! Nikaongeza maji. Yakazidi kulegea, kisha yakageuka rangi kama mboga iliyolala chunguni. Masale nayo yalianza kuwa manjano kwa chini. Ni sanseveria tu iliyonyamaza, sikujua kama yavumilia au yanikasirikia.

Ndipo nilipomwita Nyogokuru, yaani bibi yangu, aje atazame. Yeye hapendi mimea ndani ya nyumba, asema usiku yanyang'anya watu pumzi. (Mwalimu wetu alitueleza kwamba ni kweli mimea hupumua usiku, lakini ndugu yako anayelala kando yako huvuta hewa nyingi kuliko vyungu hivyo vyote, wala hakuna amfukuzaye. Wako pia wanaosema kinyume chake, kwamba mimea husafisha hewa ya nyumba, kwa sababu ya majaribio ya NASA ya Marekani ya mwaka 1989. Majaribio yale yalifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Waliopiga hesabu upya mwaka 2019 walionyesha kwamba chumba cha kawaida kingetaka vyungu vingi mno, hata pa kuweka kitanda pasibaki. Fungua dirisha tu.) Nyogokuru aliliangalia lile ua kwa muda, akauliza, "Hili si lile la marehemu?" Nikashtuka. Akanieleza kwamba binti yule alilinunua kwa muuza miche wa hapa hapa Kigali, akamletea mama yake alipokuwa mgonjwa, na kumbe ni yeye binti aliyetangulia kufa. Imepita miaka minne.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaling'oa ua kwenye kopo. Mizizi ilikuwa ya kahawia, telezi, yenye harufu ya bwawa. Nilikumbuka maneno ya darasani ambayo nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani tu: mizizi nayo hupumua. Katika udongo mzuri zipo nafasi ndogo zenye hewa. Ukijaza maji kila siku hewa yatoka, mizizi yakosa pumzi, yaoza. Na mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, kwa hiyo majani hulegea sawasawa na majani yenye kiu. Hapo ndipo sisi wageni wa kazi hii hudanganyika. Twaona jani limelegea, twaleta birika, bila kugusa udongo kwanza. Nilikuwa nimelizamisha ua la marehemu kwa maji niliyoyabeba kichwani.

Jani moja tu lilikuwa bado gumu. Nilienda kwa muuza miche mmoja kando ya barabara, nikamweleza yote bila kuficha. Hakunicheka sana. Aliniambia nilikate jani pamoja na kikonyo chake, urefu wa sentimita 3 hivi, nikichomeke kikonyo kwa kuinamisha katika mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi, nikifunike kwa gilasi ili unyevu usikimbie, niweke penye mwanga lakini si juani. "Kisha uondoke," akasema. "Kama lina bahati litatoa mizizi kwa mwezi mmoja. Watoto ni miezi miwili au mitatu." Nikamwuliza nifanye nini katika miezi hiyo. Akasema, "Soma."

Vyungu vingine aliniponyea kwa maneno tu. Tangu siku hiyo nilikuwa natia kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kidole kikitoka na udongo mbichi, naondoka. Nilijifunza pia kukiinua chungu, kwani chungu kikavu ni chepesi na mkono wajua. Masale yalitaka maji mara moja kwa wiki tu, na sanseveria haikuona haya kukaa wiki tatu bila tone. Vumbi la majani nililifuta kwa kitambaa chenye unyevu, isipokuwa ua la Usambara, ambalo majani yake yakipata maji baridi hutoka madoa. Na mahali pa kuviweka nilipapima hivi: ukiweza kusoma gazeti mchana bila kuwasha taa, masale na sanseveria zitakaa hapo. Dirisha la mashariki, lenye jua la asubuhi lisilo kali, ni bora kwa mengi. Bakuli nililirudisha kabatini.

Mtu akiniuliza leo aanze na mmea gani, nitamwambia sanseveria, kisha ule wa majani kama nyasi. Ua la Usambara ni zuri kuliko yote, lakini si la mtu mwenye pupa. Nyumba yenye mtoto atiaye kila kitu kinywani iyaweke masale na sanseveria juu, kwa sababu yakitafunwa hutapisha.

Katikati ya Septemba Mama Moshi akarudi. Nilikuwa nimejitayarisha. Niliingia na jani la sale mikononi, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo mama. Nimekukosea," nikamweleza habari yote mpaka lile bakuli. Alilitazama jani, akatazama dirishani, akauliza polepole, "Na sale hili umelikata wapi?"

Nikajibu, "Katika chungu chako, mama."

Alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha machozi hayakukoma, nami sikujua nitazame wapi. Alikaa mbele ya ile gilasi iliyofunika jani moja lisilo na dalili yoyote. Mwishowe akasema tu, "Haya. Nenda shule."

Shuleni muhula mzima sikuuliza, kwa hofu. Niliporudi likizo ya Desemba aliniita kabla sijashusha sanduku. Gilasi ilikuwa imeondolewa. Jani la zamani lilikuwa limechakaa ukingoni, lakini chini yake, penye mchanga, yalikuwa yamechomoza majani manne madogo yenye manyoya, kila moja halizidi ukucha wa kidole changu.

Nanyi mwajua Wachaga, Krismasi haiwakuti ugenini. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni. Akanipa ufunguo mkononi kama mara ya kwanza.

"Birika," akasema, "nimelificha."