Wiki ya Kwanza London: Mvua, Misikiti na Daftari la Vikao

Sifa ya kwanza ya London masikioni mwetu ni mvua, na mji wenyewe haukuikanusha. Niliingia katikati ya Novemba, na katika siku saba nilizokaa huko, mvua ilinyesha siku tano. Lakini si mvua tuijuayo sisi wa Dar es Salaam. Masika yetu hushuka kwa kishindo, hujaza mitaro, kisha jua likatoka. Ya London ni rasharasha nyembamba, haina ngurumo wala haraka, huanza kabla ya Alfajiri na huenda ikakusindikiza mpaka Isha. Kwa kipimo cha mwaka mzima mji huo hupata takriban milimita 600, ilhali Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Basi London haizidi kwa wingi wa maji. Imetuzidi kwa siku za kulowa.

Tumepokea katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alifunua sehemu ya vazi lake mvua ikampata, akaeleza kuwa imetoka karibuni kwa Mola wake. Nikakunja mikono ya kanzu yangu pale kituo cha basi, nikaomba ile dua ya kutaka mvua iwe yenye manufaa. Mjomba wangu, ambaye amehamia huko kutoka Unguja kwa miaka mingi, alinitazama kwa upole akasema, “Sunna umeshaipata, mwanangu. Sasa funga koti.”

Kilichonishughulisha zaidi ya mvua ni ufupi wa mchana. Katikati ya Novemba jua huchomoza London kama saa moja na robo asubuhi, na huzama kama saa kumi na dakika kumi jioni. Adhuhuri huingia kabla ya saa sita, Alasiri kabla ya saa nane kwa kauli ya madhehebu yetu ya Shafii, na Isha huwa imeingia saa kumi na mbili za jioni. Sala tatu zote, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi, humwangukia mfanyakazi akiwa kazini. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: mwanga wa machweo hauishi kabisa usiku kucha, na wanazuoni wa huko wamelazimika kujitahidi ili waumini wapate wakati maalumu wa Isha. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta, ambao Magharibi yetu haisogei sana mwaka mzima, mara nyingi hatutambui neema hiyo. Nami, kwa kuwa nilinuia kukaa zaidi ya siku nne kamili, sikuwa tena na ruhusa ya msafiri ya kupunguza Sala. Niliingia katika pilikapilika zile zile za kutafuta mahali pa kutawadha.

Yale yanayoonwa na kila mgeni niliyaona: saa kubwa ya Bunge, daraja la Tower Bridge, kasri la mfalme na umati mbele ya lango lake. Ni mambo ya fahari na picha zake mnazo. Atakayekwenda nampa ushauri mmoja tu, apande basi jekundu la ghorofa mbili na aketi juu, mbele kabisa. Awe na kadi, maana tangu 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu.

Siku ya nne mjomba alinipeleka mashariki ya mji, penye barabara iitwayo Brick Lane. Kwenye kona ya Fournier Street lipo jengo la matofali, kubwa, lisilo na mapambo mengi. Lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, wengi wao wafumaji wa hariri. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likafunguliwa kuwa sinagogi la Wayahudi waliokimbia Urusi na nchi za jirani yake. Tangu 1976 ni msikiti wa Ijumaa wa Wabengali, wengi wao kutoka Sylhet. Juu ukutani ingalipo saa ya kivuli yenye mwaka wa 1743, ambayo siku ile, kwa mawingu yale, haikuwa na kivuli cha kuonyesha.

Nimewahi kusikia watu wakilisimulia jengo hili kama habari ya ushindi. Mimi sikuliona hivyo. Hakuna aliyemshinda mwenziwe pale. Kila kundi lilifika likiwa maskini, likafanya kazi, watoto wakasoma, wakahamia mitaa mizuri zaidi, na jengo likabaki na wazee hadi likauzwa. Tuliposali Alasiri nilihesabu safu. Wazee walikuwa wengi, vijana wachache. Nilimuuliza mzee mmoja wanakaa wapi watoto wake, akanitajia vitongoji viwili vya mbali.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Whitechapel. Soko la barabarani huuza bamia, pilipili, samaki na mitandio, na jina la kituo cha treni limeandikwa pia kwa Kibengali. Mbele kidogo ni Msikiti wa London Mashariki, ambao adhana yake husikika barabarani. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1985, likaongezewa kituo kikubwa cha jamii mwaka 2004, na mwaka 2013 kituo cha Maryam chenye nafasi ya kina mama ya kusali na kusoma. Hii si pembe iliyobaki nyuma ya ukuta, ni mahali palipokusudiwa kwa ajili yao. Kina mama wasomao ukurasa huu wananielewa.

Lakini kilichonigusa ni historia yake. Mfuko wa kujenga msikiti London ulianzishwa mwaka 1910, Jaji Syed Ameer Ali akiwa miongoni mwa waasisi. Msikiti wa kwanza wa mfuko huo haukufunguliwa ila mwaka 1941, ndani ya nyumba za kawaida zilizonunuliwa Commercial Road. Kwa miaka mingi kati yake Ijumaa ilisaliwa katika kumbi za kukodi. Mwaka 1975 nyumba zile zikachukuliwa na serikali ya mji kwa uendelezaji, wakapewa jengo la muda, na miaka 10 baadaye wakapata msikiti huu. Ni miaka 75 tangu mfuko hadi kuba! Abdullah Yusuf Ali, mfasiri wa Qur'ani kwa Kiingereza, alikuwa mmoja wa wadhamini, na hakuliona jengo la leo.

Mambo haya yanajulikana kwa kuwa yaliandikwa. Mihtasari ya vikao vyao, kuanzia 1910 hadi 1951, imehaririwa na Profesa Humayun Ansari na kuchapishwa kitabu. Nilikifungua kwa hamu ya katibu: nani alihudhuria, fedha kiasi gani, nani alipinga. Na hapo ndipo moyo uliponirudi nyumbani. Msikiti wetu umesimama juu ya kiwanja alichokitoa wakfu bibi mmoja kwa kauli tu, kabla sijazaliwa, mbele ya mashahidi wanne. Watatu wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Wajukuu wa bibi huyo ni watu wema, lakini ardhi imepanda bei, na maneno yameanza kusikika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, nasi tunaisoma kila Ramadhani.

Siku ya sita niliingia maktaba ya chuo cha SOAS, kwa ruhusa niliyoiomba mapema. Mkoba huachwa nje na kalamu ya wino hairuhusiwi, ila penseli. Humo zimo karatasi za W. E. Taylor, mmishonari wa Kianglikana aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ambaye kwa msaada wa Mwalimu Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji. Ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati ile ile waliyoandikiana babu na nyanya zetu barua za posa na za mirathi. Sikujua nifurahi au nihuzunike. Padri aliyekuja kutubatiza ndiye aliyetuhifadhia karatasi, ilhali makasha ya wazee wetu wenyewe huchomwa baada ya arubaini.

Niliporudi, mvua za vuli zilikuwa zimeanza Dar es Salaam. Juma la kwanza nilikwenda na wajumbe wawili wa kamati nyumbani kwa shahidi aliyebaki, mzee wa miaka zaidi ya 80, nikiwa na daftari jipya lenye jalada gumu. Alieleza kwa saa nzima: siku ile, maneno ya bibi, nani alishika kamba ya kupimia. Alipofika mpaka wa mashariki akasema uliishia kwenye mwembe. Mkewe, aliyekuwa chumbani akisikiliza, akamkatiza: “Si mwembe, baba Zuhura. Ni mnazi. Mwembe ulipandwa baadaye, na niliupanda mimi.” Tukafuta mwembe, tukaandika mnazi, na jina la bi mkubwa tukaliweka katika orodha ya mashahidi.