Picha ya Chapakazi

Ingia sebule yoyote ya Sumbawanga, iwe ya mjini au ya vijiji vya njia ya Matai na Laela, uangalie ukutani. Utamkuta Bikira Maria, utawakuta maharusi, mtoto wa kipaimara akiwa na shela nyeupe, kijana wa mahafali mwenye joho la kuazima, na babu aliyekwisha kututangulia. Uliza ada ya huyo wa mahafali ilitoka wapi, utaambiwa ilitoka kwenye mahindi. Uliza mahindi yalilimwaje, utapelekwa nyuma ya nyumba, zizini. Aliyevuta plau miaka yote hiyo yupo huko, anacheua. Ukutani hayumo.

Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo na ninaipenda. Ila kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiamini kwamba mnyama aliyeishi nasi na kututumikia anastahili picha nzuri, iliyopigwa na mtu anayejua kazi yake, akalipwa kwa kazi hiyo. Huko Ulaya na Marekani wapo wapiga picha wanaoendesha maisha yao kwa kupiga picha mbwa, paka na farasi wa watu, na mtu hashangai. Kwetu wazo hili bado linaonekana geni. Ninavyoona mimi, sisi wa nyanda za juu ndio tungekuwa wa kwanza kulielewa.

Ufipa, nyanda hizi ilipo Sumbawanga, ni nchi ya wakulima tangu zamani. Katika mwinuko huu unaopita mita 1,700, wazee wetu walifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo ili zioze ziwe mbolea, na walifua majembe kwa chuma walichokiyeyusha wenyewe katika matanuru marefu ya udongo. Plau ilipokuja, nguvu ya mkono ikahamia kwenye shingo ya ng'ombe. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyewachunguza Wafipa kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1974 kitabu kiitwacho Man and Beast kinacholinganisha jamii tatu na wanyama wanaobeba maana kubwa kwao: Wanuer wa Sudan Kusini ya leo na ng'ombe wao, Walele wa Kongo na kakakuona, na Wafipa na chatu. Sibishani naye. Chatu ana heshima yake katika simulizi za wazee. Lakini katika Ufipa niliyoishi mimi, mnyama aliyekuwa akitajwa kwa jina asubuhi na jioni alikuwa maksai.

Wetu wawili waliitwa Tajiri na Chapakazi. Tajiri alikuwa mwekundu, mwenye haraka, wa kumshika kamba mbele la sivyo atakupeleka anakotaka. Chapakazi alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mzito wa mwendo, asiyesimama mpaka aambiwe. Umri ulipomfikia, miguu ya nyuma ikaanza kulegea na Baba akaanza kuzungumzia mnada. Maksai akishindwa kulima hunenepeshwa akauzwa. Ndivyo ilivyo, na fedha yake hununua ndama wa kufunzwa nira. Sina lawama kwa utaratibu huo. Niliomba jambo moja tu, kwamba kabla hajaondoka nimlete mpiga picha kutoka mjini. Baba aliuliza picha ya ng'ombe itamfaa nani. Nikamwambia gharama ni yangu, akakubali.

Alikuja kijana mwenye studio ndogo karibu na soko, ambaye kazi yake kubwa ni harusi na picha za pasipoti. Alishuka kwenye pikipiki na begi mgongoni, akaamkia, "Shikamoo, mzee." Nilitegemea atoe kamera. Hakuitoa. Aliegemea ua wa zizi, akamtazama Chapakazi kwa muda, kisha akauliza, "Mzee, huyu kwenye nira huwa anasimama upande gani?"

Sijawahi kuona swali likimfungua Baba namna ile. Alieleza kwamba Chapakazi ni wa mtaroni, anayetembea ndani ya mfereji uliokwishalimwa, na ukimhamishia upande wa pili hatembei kabisa. Akaeleza mwaka aliomnunua akiwa ndama, nani alimfunza, jinsi alivyokataa kuvuka mto uliojaa na mkokoteni nyuma yake, na kwamba kukataa kule ndiko kulikowaokoa waliokuwa juu ya magunia. Hadithi hiyo ya mto sikuwa nimewahi kuisikia, na mimi ni mtoto wake. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachokilipia. Mtaalamu analipwa kwa kuuliza kabla ya kubonyeza. Simu yangu ina kamera nzuri, na nilikuwa nimekwisha kumpiga Chapakazi picha nyingi tu, lakini hapakuwa na hata moja iliyomfanya Baba aseme neno.

Kazi yenyewe ilianza asubuhi iliyofuata. Alikuwa amechagua mwezi Mei, mvua zikiwa zimekwisha na nyasi bado zina rangi, kabla ya moshi wa mashamba yanayochomwa kuifunika milima ya Mbizi. Alimwendea ng'ombe kutoka ubavuni, kuelekea bega, kwa sababu macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake, na anayemtokea huko humshtua. Kisha akapiga goti kwenye mbolea, na suruali yake safi. Sisi huwapiga picha wanyama tukiwa tumesimama, tukiwatazama chini, na ndiyo maana katika picha zetu huonekana wadogo na wanyonge. Yeye alishusha lenzi mpaka ikalingana na jicho la Chapakazi. Alitumia lenzi ndefu akakaa mbali, maana lenzi pana ikikaribia uso huvimbisha pua na kufifisha macho. Hakutumia flashi, maana jicho la ng'ombe, na la mbwa pia, lina utando nyuma unaorudisha mwanga, nalo huwaka kijani au manjano kama taa ya gari.

Rangi nyeusi ilimpa kazi. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ikikutana na ngozi nyeusi hulazimisha iwe nyeupe zaidi kuliko ilivyo, na mnyama mweusi hutoka kama aliyemwagiwa majivu. Kijana alipunguza mwanga kwa mkono wake, akasogea mpaka jua la asubuhi likawa linapita ubavuni mwa ng'ombe, na mara misuli ya bega ikaonekana. Akangoja. Chapakazi alicheua, akafukuza nzi, akageuza kichwa. Alipogeuka nusu, pembe moja mbele na jicho limetulia, tulisikia kamera kwa mara ya kwanza.

Jioni alituonyesha picha kwenye kompyuta yake. Shingoni mwa Chapakazi kuna sugu ya nira, kubwa, isiyo na manyoya. Kijana, kwa heshima, akasema anaweza kuisafisha isionekane, kama anavyosafisha chunusi za maharusi.

"Hapana, mwanangu," Baba akasema. "Hiyo usiiguse. Hiyo ndiyo kazi yake."

Akaendelea kuitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimtazama ng'ombe mwenyewe. Hili nimelifikiria sana tangu siku ile. Anayetutumikia kila siku huacha kuonekana. Tunajua yupo, tunajua atakula nini, tunajua akiumwa tumwite nani, lakini uso wake hatuutazami. Hali hii haiishii kwa ng'ombe. Iko kwa dada anayetulelea watoto, kwa mlinzi wa usiku, kwa mama anayeamka kabla ya wote kuwasha moto katika baridi ya Julai, baridi ya kwetu inayouma mifupa. Nilipoona jinsi fremu moja ilivyomrudisha Baba kwenye uso aliokuwa akiishi nao, nilianza na mimi kuwatazama watu wa nyumbani kwangu kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyozoea.

Kuna ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu hii ya picha, na uko kwenye maji tunayoyaona kutoka ukingo wa magharibi wa Ufipa. Ziwa Tanganyika linaloonekana kutoka njia ya Kasanga ndilo linalopiga ufuko wa Gombe, kaskazini, mkoani Kigoma. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960. Wasomi wa wakati ule walitaka wanyama wa utafiti wapewe namba. Yeye aliwapa majina, na sokwe wa kwanza kumwamini alimwita David Greybeard. Mwaka 1962 jarida la National Geographic lilimpeleka huko mpiga picha Hugo van Lawick, na mwaka uliofuata likachapisha makala ya Goodall pamoja na picha hizo. Watu ambao wasingefika Kigoma maisha yao yote waliziona nyuso za sokwe, kila mmoja na wake. Miaka karibu sitini kabla ya hapo, Mjerumani C. G. Schillings alikuwa amejulikana kwa kuwapiga picha wanyamapori wa Afrika Mashariki usiku kwa miali ya flashi, na kitabu chake, hata kwa jina lake, kiliweka flashi na bunduki pamoja. Nikiziweka picha za namna hizo mbili kando kwa kando, naona tofauti kati ya mnyama aliyenaswa na mnyama aliyetazamwa.

Mfano wa pili ni mdogo kwa mwili. Shirika la APOPO lililoko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013 akapelekwa Kambodia, na katika maisha yake ya kazi alibaini mabomu na silaha nyingine za milipuko zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Picha yake akiwa na mkanda wa kazi na kimedali kifuani ilizunguka dunia, na nimewaona watu wanaomponda panya kwa ufagio bila kufikiri wakiitazama na kunyamaza. Taarifa ya maandishi peke yake isingewafikisha hapo.

Ndugu mmoja aliniuliza swali ambalo lazima nilijibu kwa moyo wote: katika mkoa ambao mtu huuza mahindi anunue mbolea na madaftari, je, si anasa kumlipa mtu apige picha ya ng'ombe? Ni kweli kwamba mbolea hutangulia. Chanjo ya mnyama hutangulia pia. Ukitaka mbwa wako apigwe picha, hakikisha kwanza amechanjwa kichaa cha mbwa, kwa usalama wa mpiga picha na wa watoto wako. Lakini tumekubali zamani kwamba picha ya harusi si anasa, na hata familia isiyo na kitu hujibana iipate, kwa sababu siku ile haitarudi. Maisha ya mbwa ni miaka kumi na kidogo. Ya maksai kazini ni pungufu ya hapo. Nilicholipa, pamoja na kuchapisha na fremu, kililingana na madebe machache ya mahindi, na Chapakazi alikuwa ametulimia magunia yasiyohesabika.

Nasisitiza kuchapisha. Picha zinazobaki kwenye simu huondoka na simu, siku inapoibiwa sokoni au inapotumbukia kwenye ndoo. Ya karatasi huning'inia, hufutwa vumbi, huulizwa maswali na wageni. Nasisitiza pia kuandika nyuma yake. Baba aliandika kwa kalamu jina, upande wa nira, mwaka aliofunzwa, mwaka alioacha kazi, na majina ya mashamba yote aliyolima, likiwemo moja ambalo tuliliuza na wadogo zangu hawakujua kwamba lilikuwa letu.

Kwa vijana wa studio za mjini ninaona riziki hapa ambayo bado haijaguswa. Picha za pasipoti kila mmoja anazipiga, na harusi zina misimu yake. Wanyama wapo mwaka mzima: majogoo, mbwa wa walinzi, ng'ombe wa maziwa wa masista na wa walimu wastaafu. Anayeujua utulivu wa kupiga goti na kungoja atapata wateja, ingawa wa kwanza watakuja kwa kusitasita kama Baba alivyosita.

Jirani yetu aliyekuja kuiona picha sebuleni alisimama mbele yake, akauliza bei, akaondoka. Wiki hiyohiyo akaomba namba ya kijana. Yeye ana punda jike aliyebebea nyumba yao maji tangu mtoto wake mkubwa akiwa darasa la kwanza, na anataka apigwe picha akiwa na madumu yake mgongoni, si akiwa ameoshwa na kupambwa. Kijana amemwambia wangoje Mei, mvua zikiisha, na kwanza amtajie punda huyo anaitwa nani.