Uvimbe uliopiga kama moyo

Pengine mtatucheka kuona tunaandika habari za uvimbe mdogo kama karanga. Lakini uvimbe ule ulikaribia kutuletea msiba nyumbani.

Mpwa wetu alianguka na kinga, akagonga panja juu ya jiwe, mbele kidogo ya sikio. Tuliosha kidonda, kikapona, tukasahau. Majuma 3 yakapita. Siku moja mama yake alikuwa akimnyoa, akaona uvimbe laini pale pale. Mzee jirani akatazama, akasema: «Wana wangu, hilo ni jipu. Leteni wembe.» Tukauchemsha wembe. Mama wa mtoto akaweka kidole juu ya uvimbe, akashtuka: «Yaya, unapiga!» Tukagusa nasi. Kweli ulipiga, sawasawa na mshipa wa mkono. Jipu gani hupiga hivi? Tukaacha wembe mezani, tukampeleka kwa munganga.

Yeye hakutufokea. Alibana kwa kidole chini ya uvimbe, nao ukatulia. Akaachilia, ukaanza tena. Akatueleza kwamba mbele ya sikio hupanda mshipa wa damu itokayo moyoni, nao umelala juu ya mfupa, umefunikwa na ngozi nyembamba. Mtu akigongwa pale, mshipa unabanwa kati ya jiwe na mfupa, ubavu wake unapasuka. Damu inavuja, nyama za karibu zinaizunguka kama kifuko, na kila pigo la moyo linakijaza. Mara nyingi huonekana nyuma ya majuma 2 hata 6, wakati mtu hakumbuki tena ajali yake. Ni ugonjwa wa nadra sana, ndiyo sababu wengi hudhani ni jipu. Nasi tungalikata, damu ingaliruka, na nani nyumbani angaliizuia?

Mtoto alipigwa sindano ya ganzi. Munganga akafunga mshipa chini na juu ya kifuko, akakitoa. Tulimwuliza kwa hofu kama kichwa hakitakosa damu. Akacheka: ngozi ya kichwa ina mishipa mingi inayoungana, mmoja ukifungwa mingine huilisha. Ndiyo maana hata kidonda kidogo cha kichwa hutoka damu nyingi hivi.

Mzee jirani alikuja na ndizi kumtazama mtoto. Juu ya wembe hakusema neno, wala hatukumwuliza, maana sisi ndio tuliouchemsha.