Jibu la Maji Linapochelewa

Maji yana tabia moja ambayo hakuna ofisi inayoweza kuiahirisha: hunywewa siku ile ile yanapochotwa. Kwa sababu hiyo, usalama wa maji ni suala la muda kabla halijawa suala la maabara.

Nimelelewa Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Wageni hushangaa kwamba mvua hunyesha huko na bado maji ni ya shida. Udongo wake wa kichanga huyameza maji, yakaja kutokeza mbali chini, kwenye chemchemi za mabonde kama Kitangari. Mama zetu waliteremka huko na kupanda tena na ndoo kichwani. Asiyeiweza safari hiyo alikinga maji ya bati, au alichota kwenye mashimo ya maji ya mvua, ambamo mbuzi nao walikunywa. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Masasi, iliyo chini ya uwanda, inategemea chemchemi za Mbwinji. Historia yetu imekuwa ya kuyatafuta maji. Kujua kilichomo ndani yake kumebaki nyuma.

Kipimo cha kawaida huchuja mililita 100 za maji, kikawalea bakteria wa kinyesi katika joto la nyuzi 44, na jibu hupatikana baada ya saa 18 hadi 24. Kwa maji ya kunywa, jibu linalotakiwa ni sifuri. Kipimo hiki ni cha kuaminika, ila mvua kubwa huvikokota vinyesi hadi kwenye maji kwa saa chache tu. Sampuli ya mara moja kwa mwezi yaweza kuikosa kabisa saa hiyo.

Leo zipo mashine zinazokaa kando ya mto, zikajichotea sampuli zenyewe, zikapima kimeng'enya cha bakteria aina ya Escherichia coli, na kutuma jibu ndani ya saa moja au pungufu. Zina mipaka: hupima utendaji wa kimeng'enya, hazihesabu bakteria mmoja mmoja, na zinahitaji umeme, kemikali na fundi. Hata hivyo, zimeondoa udhuru wa zamani kwamba haiwezekani kujua mapema.

Tuitazame Paris. Tarehe 30 Julai 2024, mashindano ya Olimpiki ya triathlon ya wanaume yaliahirishwa kwa siku moja kwa sababu ya hali ya maji ya mto Seine. Wanariadha wale walikuwa waogelee tu. Mtoto wa uwandani anakunywa.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Lakini Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi hadi siku 30 kumjibu mwombaji. Kwa hati za mikataba, siku 30 zaweza kuvumilika. Kwa ndoo ya maji, jibu la siku ya thelathini ni taarifa ya msiba.

Najua hoja ya baadhi ya watumishi wa umma, wakiwamo niliowafundisha: tukitangaza, tutazua taharuki, na wananchi hawana maji mengine. Nawajibu kwa hesabu ya kuni. Maji ya shimoni yanastahili kuchemshwa kila siku, lakini kaya maskini haina kuni za kila siku. Ikijulishwa kwamba siku tatu zijazo ni za hatari zaidi, itazitafuta kuni za siku tatu. Kumnyima taarifa hakumwondolei hofu. Kunamwondolea nafasi ya kuchagua.

Kwa hiyo, kabla serikali haijanunua mashine hata moja, iandike kanuni: matokeo mabaya yatangazwe siku hiyo hiyo, bila kuombwa, kwa bango kwenye kituo cha kuchotea maji, kwa redio, msikitini na kanisani, na jumuiya ya watumia maji ipewe klorini pamoja na habari. Kanuni hiyo haihitaji teknolojia mpya. Hata kipimo cha saa 24 kingeokoa watu kikitangazwa saa ya 25. Bila kanuni hiyo, mashine itajua ndani ya saa moja, na mama wa Newala ataendelea kujua kwa kuugua kwa mwanawe.