Herufi hazikutii amri: malezi yetu katika nyumba ya askari

Sisi ni ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa alizaliwa mwaka 1978, miezi michache kabla majeshi ya Idi Amin hayajavamia Kagera mwezi Oktoba. Mdogo alizaliwa mwaka 1980, baada ya baba kurejea kutoka Uganda akiwa na cheo cha koplo na kovu mguuni. Tunaandika kwa pamoja kwa sababu tuliyoyapitia tuliyapitia pamoja, na kwa sababu hata leo mmoja wetu husema na mwingine huandika, kisha mke wa mkubwa hutusomea yaliyoandikwa ili tusikie palipokosewa. Makala haya yametuchukua Ijumaa nne.

Baba alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Mwaka 1986 alipelekwa kuwa mkufunzi katika Jeshi la Kujenga Taifa, kwanza Mtabila, wilayani Kasulu, na miaka minne baadaye Kanembwa, ambako siku hizo kulikuwa sehemu ya wilaya ya Kibondo, kabla wilaya ya Kakonko haijaanzishwa. Yeye alikuwa mtu wa Pangani, na mama ni mzaliwa wa Ujiji. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili tangu tukiwa mgongoni, ilhali wenzetu wa shuleni, watoto wa vijiji vya jirani, walizungumza Kiha kwao. Tunalitaja hili mapema kwa sababu lilitugharimu baadaye.

Anayezijua nyanda za juu za Kigoma anaijua baridi ya alfajiri yake, ukungu ukiwa umelala juu ya migomba. Katika ukungu huo filimbi ya kambi ililia, nasi tukawa tumekwisha kuswali. Nyumba yetu katika kota za askari iliendeshwa kama kombania. Viatu vilipangwa mstari mmoja, vitanda vilitandikwa bila kunyanzi, na jioni kila mtoto alitoa taarifa ya siku yake akiwa amesimama wima. Baba hakuwa mkatili. Alitubeba mabegani kwenda sokoni, na mtoto akiugua usiku ndiye aliyekesha. Ila aliamini jambo moja kwa moyo wote: kwamba mtu aliyepewa amri iliyo wazi, akapewa na muda wa kutosha, ataitekeleza, na asipoitekeleza, basi amekataa. Imani hiyo ilikuwa imemrudisha hai kutoka vitani. Sisi iliturarua.

Herufi hazikuwa zikitii amri. Tuliitazama b tukaiona d, na mara nyingine tuliiona b vizuri kabisa lakini sauti yake haikuja. Tulipofika mwisho wa neno refu tulikuwa tumekwisha kusahau mwanzo wake. Darasa lilipomaliza kunakili ubao mzima, sisi tulikuwa mstari wa pili. Mkubwa alianza shule mwaka 1986, na mdogo alipomfuata miaka miwili baadaye, yakawa yale yale, kana kwamba alikuwa amerithi daftari la kaka yake pamoja na makosa yake.

Walimu wetu walitafuta maelezo. Mmoja alisema ni Kiha, kwani watoto wengi wa huko huchanganya r na l wanapojifunza Kiswahili, jambo ambalo ni la lugha ya kwanza wala si ugonjwa. Lakini sisi Kiha tulikijua cha uwanjani tu. Mwingine alisema ni uvivu wa watoto wa kambini. Tukahamishiwa viti vya nyuma, na viboko vikawa sehemu ya ratiba.

Nyumbani baba alichukua zamu. Kila jioni alituweka barazani na kutupa amri za gwaride ili, kama alivyosema, akili ziamke. “Kulia, geuka!” Mara nyingi tuligeuka tukatazamana uso kwa uso, mmoja kulia na mwingine kushoto, na hakuna aliyejua ni yupi aliyekosea. Watoto wa majirani walicheka. Baba hakucheka; yeye alikuwa ndiye mtu aliyewafundisha vijana wa nchi nzima kugeuka kulia.

Wasomaji wa umri wetu watakumbuka zama zile. Tangu Uhuru taifa lilikuwa limetangaza maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata mabibi na mababu waliketi madarasani jioni, hata Tanzania ikasifiwa duniani. Ilikuwa kazi njema. Lakini kutojua kusoma kuliitwa ujinga, na neno hilo hilo ndilo tulilolitumia kwa mtu asiye na akili. Kwa mtoto aliyezaliwa katika nchi ambako hata bibi yake amefuta ujinga, kushindwa kusoma sentensi moja kulikuwa ni hukumu juu ya kichwa chake chote.

Majirani nao walitoa ushauri. Wapo waliosema tumefanyiwa kijicho, na wapo walioshauri tunyweshwe kombe. Mama aliwasikiliza wote kwa adabu, akawapa kahawa, kisha akaendelea kufanya alilokuwa akilifanya kimya kimya: usiku, baba akiwa zamu, alitusomea masomo ya kesho kwa sauti mpaka tuyashike. Ndiyo maana walimu walishangaa kwamba tuliweza kujibu maswali ya mdomo ya siasa na sayansi, kisha karatasi zetu zikarudi zimejaa wino mwekundu.

Mwishoni mwa mwaka 1989, mkubwa alipofeli mtihani wa darasa la nne, baba alitoa uamuzi. Mtoto ataondolewa shuleni, aende Ujiji kwa mjomba akajifunze kuvua dagaa. Hakuna aibu katika uvuvi; nusu ya ukoo wa mama umelishwa na ziwa. Lakini mtoto wa askari alijua maana ya kuondolewa. Kambini waliondolewa watoro na wezi. Kwa siku tatu mkubwa hakula chakula cha usiku, na mdogo, aliyejua kwamba zamu yake inafuata, alianza kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa.

Tulikuwa tukisoma chuo kwa mzee mmoja aliyetoka Ujiji na kuweka makazi Kasulu mjini. Aliposikia habari hiyo, alikuja nyumbani usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha. Mazungumzo yao tuliyasikia sisi wenyewe.

“Afande, nina ombi,” alisema.

“Sema, Maalimu.”

“Mwite huyu mkubwa akusomee Yasini.”

“Maalimu, mtoto huyu hajui kusoma. Hiyo ndiyo fedheha yangu.”

“Sikukuomba asome msahafuni. Nimekuomba akusomee wewe.”

Mkubwa aliketi mkekani akasoma aya zote 83, na Maalimu alimsahihisha mahali pawili tu. Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza mtoto alifundishwa vipi. Maalimu akamjibu kwamba alimfundisha kama yeye alivyofundishwa: mwalimu asema, mtoto arudia, aya moja mpaka ikae, ndipo ije ya pili. Akamkumbusha pia mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayeisoma Qur'ani kwa tabu, na ulimi wake ukikwama, ana ujira mara mbili.

“Hivyo ndivyo ninavyowafundisha makuruta bunduki,” baba alisema. Kila mwaka alipokea vijana wasioweza kusoma maelekezo, na hakuwahi kumwondoa hata mmoja kwa sababu hiyo. Aliwaonyesha kipande kimoja kimoja. Walishika, walitaja jina lake, walifungua, walifunga, mpaka mikono ikajua. Usiku ule safari ya Ujiji ilifutwa.

Kesho yake alileta sinia la mama, akalijaza mchanga. Herufi moja kwa wiki moja. Tuliichora kwa kidole, kubwa, huku tukitamka sauti yake. Tukaifuta, tukaichora tena tukiwa tumefumba macho. Baadaye ba, kisha ba na ta, zikaunganishwa kama vipande vya silaha. Mama alitufunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na gwaride la barazani likakoma kuwa kichekesho. Fimbo haikuondoka siku hiyo hiyo, wala hatutaki kumpamba baba kwa sifa ambazo hakuwa nazo. Lakini haikutumika tena kwa ajili ya herufi.

Tulipohamia Kanembwa mwaka 1990 mkubwa alikuwa akisoma sentensi fupi. Huko shuleni tulipata mwalimu aliyekubali ombi la baba, kwamba baada ya kipindi atuulize kwa mdomo kabla ya kutuhesabia ujinga. Hatukugeuka kuwa vinara. Mkubwa alifaulu darasa la saba lakini hakuchaguliwa kuendelea, kwani nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Leo ni fundi magari Kasulu, na husikia ubovu wa injini kabla boneti haijafunguliwa. Mdogo aliendelea, akachukua muda mrefu kuliko wenzake, na sasa anafundisha shule ya msingi wilayani Kibondo. Daftari za wanafunzi husahihisha polepole.

Ni kupitia mafunzo ya ualimu ndipo tulipojifunza jina la jambo lililotusumbua. Linaitwa disleksia. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa na macho mazima na akili timamu, lakini maneno yaliyoandikwa yalimshinda. Mwalimu wake alieleza kwamba angekuwa hodari kuliko wote shuleni lau masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Tuliposomewa maneno hayo tulimkumbuka Maalimu na Yasini yake.

Tulijifunza pia kwamba Kiswahili, kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa, humficha mtoto wa namna hii. Akifundishwa kwa subira hufika mahali akasoma maneno kwa usahihi, ila kwa mwendo wa polepole unaomchosha. Mwalimu anayehesabu makosa peke yake hatamwona. Wala mzazi hatamwona kwa jicho. Kasulu ina shule ya Kabanga, inayojulikana kwa kulea watoto wasioona na wenye ualbino. Mahitaji ya watoto hao yanaonekana. Mtoto wetu huyu hukimbia, hucheka, huhadithia, kisha daftari lake humfanya aonekane mkaidi.

Na tulijifunza kwamba hali hii hutembea katika ukoo. Habari hiyo ilitufanya tufungue sanduku la mama na kuzitoa barua alizoletewa kutoka Uganda mwaka 1979. Zilikuwa nane, zote zina maneno ya baba, zenye salamu zake na utani wake. Miandiko ilikuwa mitatu tofauti, na hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Tulikumbuka jinsi alivyokuwa akitupa gazeti tumsomee, akisema macho yamechoka. Wakati huo alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, Allah amrehemu, na mama, tulipomuuliza, alizikunja barua akazirudisha sandukuni bila kusema neno. Huenda mtu aliyetuamrisha tusome kwa ukali ule alikuwa akiijua hofu yetu kuliko mwingine yeyote nyumbani.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wenzetu. Mtoto anapokawia kusoma, mpimeni kwanza macho na masikio. Kisha msikilizeni: je, anaeleza vizuri aliyoyasikia, ilhali aliyoyaandika hayafanani naye? Je, anachanganya kulia na kushoto, au kusahau mpangilio wa siku na miezi? Je, yupo mjomba, shangazi au babu aliyekuwa hivyo? Mweleze mwalimu uliyoyaona, tena kwa upole, kwa maana naye ana darasa kubwa. Ombeni kwamba mtoto apewe muda zaidi na aulizwe kwa mdomo. Wako walimu waliosomea elimu maalumu, wakiwemo wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Ulizeni kama wilayani kwenu yupo. Na walimu wa madrasa, ambao wana njia ya kale ya kufundisha kwa sikio, wasikimbilie bakora mtoto anapokwama msahafuni.

Mtoto wa mkubwa ana miaka saba na ameanza kuiona b kama d. Sinia la mchanga liko chini ya kitanda chake. Juma lililopita alifika herufi ya sita, na jioni alipotoa taarifa yake, kwa kuwa desturi hiyo hatukuiacha, alisema amekwama kwenye g. Akaambiwa vema, kesho tena. Akaenda kucheza.