Herufi Moja Ilivyofuta Maswali 84

Najua nimepotea wiki mbili bila taarifa, na kule kafeteria kuna walioniuliza kama nimeolewa. Sijaolewa, teh teh teh. Nilikuwa napigana na kompyuta. Leo nawasimulia, na mtu asiyejua kitu kuhusu haya mambo asikimbie, hata mimi mwezi mmoja uliopita nilikuwa sijui.

Mnajua sisi wa ualimu tunajiandaa na TP. Kundi letu la watu watano tulikubaliana kutengeneza tovuti ndogo ya maswali ya Jiografia kwa kidato cha pili, na kwanza tuiwasilishe darasani kwetu. Shule nyingi tunazopangiwa intaneti ni ya kubahatisha, kwa hiyo tovuti ilibidi iishi ndani ya laptopu yenyewe. Kazi ya kuisimika nikapewa mimi, eti kwa sababu najua kupiga Windows. Jamani!

Nilianza na njia ya kizamani, kusimika kila kitu kivyake: seva ya wavuti, PHP, hifadhidata, halafu WordPress juu yake. Kwangu ikakubali. Nikaenda kwenye laptopu ya mwenzangu, ikagoma. Kumbe yeye alikuwa na toleo jingine la PHP, na poti namba 80 ilishakaliwa na programu nyingine. Siku nzima ikaisha hivyo. Kaka mmoja wa kompyuta akatuona tunavyohangaika, akacheka, akasema, "Dada, weka kwenye kontena yaishe."

Kontena lenyewe ni hivi. Yale masanduku ya chuma mnayoyaona bandarini Dar es Salaam, kreni haiulizi ndani kuna mitumba au vipuri. Sanduku lina umbo moja, linapanda meli, linapanda lori, linafika Zambia na mzigo wake vilevile. Docker inafanya hivyo kwa programu, na hata jina lake kwa Kiingereza cha Uingereza ni kuli wa bandarini. Solomon Hykes aliionyesha hadharani kwa mara ya kwanza mwezi Machi 2013. Programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji, toleo lake la PHP na maktaba zake, kisha inaendeshwa popote penye Docker bila kugombana na vilivyomo kwenye mashine. Tena si kama kuweka kompyuta nzima ndani ya kompyuta. Makontena yote yanachangia keneli moja, ndiyo maana yanawaka kwa sekunde chache.

Maneno matatu tu yatakutosha kuanza. Imeji ni kalibu ya matofali. Kontena ni tofali lenyewe, kalibu moja inatoa matofali mengi, na likivunjika unafyatua jingine. Volyumu ni stoo iliyo nje ya tofali, ndimo vitu vyako vinamokaa. Hilo la tatu lishikeni, maana ndilo lililoniliza.

Kusimika ni rahisi. Kwenye Windows unapakua Docker Desktop, ni bure kwa matumizi binafsi na ya masomo. Itakuomba WSL 2, ikubalie. Ikilalamika kuhusu virtualization, washa hiyo sehemu kwenye BIOS, mimi ilinikwamisha jioni nzima. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inapumua vizuri. Kisha fungua terminali, andika docker run hello-world. Ukiona inakusalimia, umeshaingia mjini.

Sisi tulihitaji makontena mawili, la WordPress na la hifadhidata ya MariaDB. Badala ya kuandika amri ndefu kila siku, unaandika faili moja linaloitwa compose.yaml. Ndani yake unataja imeji mbili, nenosiri la hifadhidata, volyumu zako, na poti kwa mtindo wa 8080:80, yaani mlango wa 8080 wa laptopu yangu ufunguke kwenye mlango wa 80 wa kontena. Halafu docker compose up -d, unakwenda kwenye kivinjari, unaandika localhost:8080, na WordPress hiyo inakukaribisha. Nilipiga kelele mpaka rumeti akaamka.

Na kwa nyie wenzangu wa bando la kuungaunga, imeji hizo ni mamia ya MB, lakini si lazima kila mtu apakue. Mmoja anapakua, kisha docker save -o mzigo.tar wordpress mariadb, faili linakwenda kwenye flashi, na mwingine anaandika docker load -i mzigo.tar. Bando moja, watu watano. Bumu likipona kidogo si haba.

Haya, sasa kilio. Wiki mbili wenzangu walileta maswali kwenye karatasi, mimi na rumeti tukayaingiza. Yakafika 84, na michoro ya mito na mikunjo ya ardhi. Jumapili usiku, tunawasilisha Jumanne, nikataka kuwagawia wenzangu lile faili la compose. Nikakumbuka nenosiri nililoweka ndilo ninalotumia kila mahali. Aibu! Nikalibadilisha kwenye faili, nikawasha upya. WordPress ikaniambia haiwezi kuunganishwa na hifadhidata.

Sababu yake naijua leo. Nenosiri lililo kwenye faili MariaDB inalisoma mara ya kwanza tu, stoo ikiwa tupu. Baadaye inabaki na lile la zamani, uandike utakavyo. Dawa ilikuwa kurudisha la zamani, au kulibadilisha ndani ya hifadhidata yenyewe. Mimi nikatafuta mtandaoni, nikaona mtu kasema andika docker compose down -v halafu uwashe tena. Nikaandika. Ikawaka vizuri kabisa! Nikafungua kivinjari... nakutana na ukurasa wa kuchagua lugha, ule wa siku ya kwanza kabisa.

Docker compose down peke yake inabomoa makontena, stoo inabaki. Ile -v inabomoa na stoo. Haikuuliza hata "una uhakika?" Nilikaa pale natazama skrini, mikono ya baridi.

Wadau, nitasema ukweli. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni uongo. Nitawaambia umeme ulikatika, laptopu ikafa. Nani angebisha? Nikaandika hadi ujumbe kwenye simu, "jamani umeme umetuangusha". Rumeti akausoma juu ya bega langu, akaniuliza, "Na mwanafunzi wako akikuambia hivyo hivyo kuhusu homuweki, utamwamini?" Nikaufuta. Nikaandika: nimefuta maswali yote, kwa mkono wangu, naomba kama mtu ana karatasi zake azitafute.

Kimya cha dakika kama kumi. Mmoja akaandika "kha!". Mwingine hakuniongelesha mpaka Jumatano, na sikumlaumu. Lakini saa nne usiku wawili walikuwa mlangoni na madaftari. Tukaandika mpaka alfajiri, zamu kwa zamu, kwa chai ya rangi. Tukapata maswali 51, michoro tukaiacha. Na kati ya yale yaliyopotea, hakuna aliyekumbuka kuuliza hata moja siku ya kuwasilisha.

Darasani kidogo yatukute mengine. Unawasha wi-fi ya kipanga njia hata bila intaneti, wenzako wanafungua anwani ya IP ya laptopu yako na :8080 mwishoni. Lakini WordPress huwa inakumbuka anwani iliyosimikiwa, ikawa inawarudisha wote kwenye localhost, yaani kwenye simu zao wenyewe! Nenda Settings, badilisha anwani mbili za tovuti ziwe hiyo IP, mapema kabla watu hawajakaa. Na ruhusu mlango huo kwenye ukuta wa moto wa Windows.

Sasa hivi kila jioni naingia Tools, kisha Export, nashusha faili la maandishi yote, naliweka kwenye flashi ya rumeti. Picha hazimo kwenye faili hilo, hizo nazinakili kando. Kabla ya kuandika amri niliyookota mtandaoni, nasoma kila herufi inafanya nini. Kontena limeumbwa livunjwe, ndio uzuri wake, unavunja na kujaribu bila woga. Ila kabla hujavunja, jua stoo yako iko wapi.

Yule mwenzangu aliyeninunia tulikutana jana kwenye foleni ya ubwabwa. Akaniuliza, "Mwalimu, leo hujafuta kitu?" Nikajua yameisha.

Anayetaka imeji aje na flashi chumbani, msinipigie simu usiku. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.