Wageni wa siku sita

Mtu aliyekaa njiani miezi mitano na mtu aliyetoka nyumbani juzi hawaendi mwendo mmoja, hata kama walilala bweni moja shuleni. Mabinti watatu kutoka Kenya waliliona hilo Julai, mjini Sumbawanga.

Mmoja wao alikuwa akizunguka na begi mgongoni tangu Februari: Uganda, Rwanda, Burundi, kisha Kigoma na Mpanda. Alitamani kushuka Ziwa Tanganyika kwa MV Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, lakini haikuwa ikisafiri, akapanda basi. Sumbawanga alikusudia kulala siku mbili. Akakaa wiki tatu, katika chumba cha uani kwa mama mmoja mjane. Alijifunza kusonga ugali wa ulezi na kusema shikamoo bila kukumbushwa. Asubuhi za baridi ya Ufipa, ambayo anayeishi pwani haamini kama ni ya Tanzania, mama mwenye nyumba alimfunika kitenge kama mwanawe wa kumzaa.

Wenzake wawili walishuka uwanja wa Songwe, Mbeya, wakaja kwa basi kupitia Tunduma na Laela. Walikuwa na siku sita na orodha ndefu kwenye simu: Kalambo, Kasanga, Ziwa Rukwa. Wakakodi gari, gharama wakagawana kwa tatu. Sehemu yake ya siku moja tu ilikuwa chakula chake cha wiki mbili. Alilipa, akanyamaza, akanuna. Hapo alikosea. Rafiki hawezi kujua mfuko wako una nini kwa kukutazama usoni, na hao walidhani amewachoka.

Siku ya pili walipita Matai hadi Kapozwa kuona Maporomoko ya Kalambo, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, ng'ambo ikiwa Zambia. Wakati wa kupanda kurudi, wote wakihema, mmoja alitoa bahasha na sweta.

"Mama yako amenituma. Hiyo ni nauli ya kurudi. Na amesema nikuangalie vizuri, simu haimwonyeshi kama uko sawa."

"Kwa hiyo mmekuja kunitembelea au kunichukua?"

"Yote mawili," akajibiwa.

Njia nzima ya kurudi mjini hakuna aliyezungumza.

Usiku ule mama mwenye nyumba, aliyekwisha kusoma nyuso zao, aliwasimulia habari za Milansi. Wafipa husimulia kwamba mtawala wa kale alikwenda kuwinda, wakaja wanawake wageni, wakaomba kigoda chake, na mkewe akawapa. Aliporudi, utawala ulikuwa umekwenda. "Sasa ninyi," akasema akicheka, "mmefika juzi, kitanda cha mwenzenu mmechukua, na yeye analala kwenye mkeka." Kumbe hawakuwa wamejua. Walidhani mkeka ni mazoea ya safari.

Wakacheka wote, na baada ya kicheko pesa zikatajwa. Ziwa Rukwa likafutwa kwenye orodha, Kasanga pia. Siku iliyofuata walikaa uani wakipukuchua mahindi, vidole vikiwauma wageni, huku wakisengenya waliosoma nao. Pengine hiyo ndiyo siku pekee waliyokutana kweli. Zile mbili za kwanza walikuwa wakisindikizana tu.

Yule aliyetumwa alipiga simu Kenya akiwa pale pale kwenye magunzi. "Mama, nimemwona. Amenenepa. Harudi sasa." Kisha akampa simu mwenye mama yake, ambaye hakuwa amempigia kwa siku kumi na sita. Alizungumza kwa muda mrefu, akiwa amewapa mgongo.

Stendi, siku ya sita, alijaribu kurudisha bahasha. Mwenzake aliikataa dirishani, basi likiwa linaondoka. Akaitia ndani ya pasipoti, akavaa sweta, na wiki iliyofuata akashika njia ya Kasesya, mpakani.